Nukta ya Mita Thelathini

Maabara hufungwa saa mbili usiku,
lakini Luhwago mlinzi huniachia mpaka saa nne
kwa sharti nisisahau hita ikiwaka.
Iringa, Juni. Vidole vimekufa ganzi juu ya kibodi.
Kwenye kioo, Mufindi nzima imelala chali,
imepigwa picha na chombo kisichojua baridi.

Kila nukta ni mita thelathini kwa thelathini.
Kijani ni moja: msitu.
Njano, mbili: mazao.
Waridi, tatu: nyasi na malisho.
Samawati ni tano, maji.
Nne ni makazi; kwenye nne ndiko nilikozaliwa.

Nimekitafuta kinyungu cha mama.
Ukifuata korongo kutoka barabara ya magogo,
ukapita pale nilipovunjia mtungi wa bibi Semalungo
nikachapwa na nyumba tatu,
utakiona: nukta moja, pengine na robo.
Mwaka niliozaliwa ilikuwa njano, na samawati pembeni.
Mwaka nilioanza shule, samawati imekonda.
Mwaka huu kompyuta inasema, bila kupepesa:
moja. Msitu.

Nikaandika kwenye ripoti: eneo la misitu limeongezeka.
Dokta Mligo akapiga mstari mwekundu,
akaandika pembeni neno moja:
Umeenda?

Nikaenda.

Nilishuka kwenye lori la mbao kama mtafiti,
buti mguuni, jipiesi ya kuazima shingoni.
Mama akacheka mpaka akashika kiuno:
"Umepotea njia ya kwenu mpaka uulize setilaiti?"

Tukateremka bondeni.
Milingoti imejipanga mistari, mita tatu kwa tatu,
chini yake hapaoti hata mchicha pori.
Pale tulipokuwa tukichota kwa kata
chemchemi imebaki neno tu:
watu bado wanasema "naenda chemchemi",
wanarudi na kuni.

Nikasema, mama, miti hii imekunywa maji.

Akakaa juu ya kisiki, akakunja kitenge magotini.
"Imekunywa. Na aliyeipanda ni mimi.
Mia nne na ishirini. Baba yako mdogo Kihwelo
alileta miche kwa pikipiki, safari tano, mvua inanyesha.
Hivi visiki unavyovihesabu ni muhula wako wa kwanza.
Vile kule, kitanda cha hosteli na hilo koti.
Au ulitaka nikusomeshe kwa maharage?"

Swali hilo halikuwemo kwenye dodoso langu.

Akasema zamani mwezi wa nane,
wa mlimani wakitafuna vumbi,
huku chini tulikuwa tukichoma mahindi mabichi.
Alilisema bila majonzi, kama anayetaja bei ya chumvi.
Kisha akatazama juu, mkono juu ya nyusi:
"Hicho chombo chako, kinaona kwamba mnunuzi wa Mafinga
hajanimalizia hela ya nguzo?"

Nimerudi na kurasa kumi na moja
na tope la bondeni ambalo sikulifuta kwenye buti.
Jedwali la makosa linanisifu:
usahihi, asilimia themanini na saba.
Wenzangu wanasema inatosha, funga kazi, tahini.
Mimi nimeifungua tena ile nukta.
Nimefuta moja. Nimeweka mbili, nimefuta.
Tano sikuthubutu.
Sita haipo.

Luhwago anagonga dirisha kwa rungu, taratibu,
kama anayeamsha mgonjwa.
Naandika upesi, kwenye daftari, kwa kalamu:
*Nukta 4118. Chemchemi iliyogeuka ada.
Mwenye nayo yu hai, anadai.
Aina: bado.*

Nazima hita.